Huaqiangbei, Shenzhen: fuata spea na vifaa vya ufundi, simu nzima achana nazo

Huaqiangbei ni soko la vifaa vya elektroniki huko Shenzhen, China. Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Spea za simu na vifaa vya fundi 9 kwa 10, sampuli na oda ndogo ndogo za kiwandani 8, vikorokoro vya kuuza rejareja kama kava, kebo na spika 6, simu nzima 3 na hiyo 3 yenyewe nimetoa kwa huruma. Lugha na malipo 5, ila siku hizi afadhali.

Wenye muda sasa tukae. Wabongo wengi wanaoenda China kufata mzigo wanaishia Guangzhou, na siwalaumu, kule kuna wenyeji wako, kuna maajenti wa mizigo, kuna chakula unachokijua, Huaqiangbei wanaisikia tu kwa watu. Kumbe ni jirani kabisa, treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou Kusini mpaka Shenzhen Kaskazini ni kama nusu saa na ushee, tiketi inakatwa kwa pasipoti, ukishuka unaunga metro mpaka kituo cha Huaqiang Bei ambacho laini namba 2 na namba 7 zote zinapita hapo. Nauli ya metro inaanzia yuan 2. Kama mzigo wako ni nguo au viatu baki zako Guangzhou, huku hakukuhusu, lakini kama unashika bisibisi au una duka la spea aisee unakosa mengi.

Kwanza tuelewane, Huaqiangbei sio jengo. Ni mtaa mzima wilaya ya Futian, katikati ya Shenzhen, jiji lililopakana na Hong Kong. Kuna barabara kubwa ya kutembea kwa miguu, gari haziingii, na kulia kushoto majengo marefu ambayo kila moja lina tabia yake. Hili la IC (chipu) na vipuri vidogo, lile la simu, lile la kamera za ulinzi, lile la taa za LED, lingine la vifaa vya redio na mtandao. Mgeni akiingia jengo ambalo sio lake anazunguka asubuhi nzima akitoka anasema soko limekufa, kumbe alikuwa ghorofa za taa na yeye anatafuta vioo vya simu. Kwa hiyo kabla hujatoka hotelini andika majina ya majengo kwa Kichina kwenye simu yako, usitegemee kuuliza njiani.

La kuanzia ni SEG, jengo la vipuri. Hilo jengo refu la ghorofa 71 ndo alama ya mtaa (ndo lile lililotikisika Mei 2021 watu wakakimbia mbio bila tetemeko lolote, wataalamu wakaja kusema ni mlingoti wa juu ulikuwa unachezeshwa na upepo, wakaung'oa, jengo likafunguliwa tena). Ghorofa za chini zimejaa vimeza, sijui niviite vibanda au nini, maana kimoja kina upana wa meza ya kusomea tu, ndani yake kaka au dada mmoja, kompyuta moja, na rola za vipuri zimepangwa mpaka juu ya kichwa chake. Rezista, kapasita, diode, soketi za chaji, vitufe vya pawa, IC za kila namna, anayeuza soketi anauza soketi tu na hana habari na kingine. Pembeni mtoto anafanya homuwek, mwingine anakula wali kwenye kibakuli, na muda wote unasikia ile sauti ya selotepu inavutwa kwenye maboksi. Mzigo hautulii pale.

Sasa hapa ndo watu hawaelewi, na ndo sababu nimeamua kuandika. Kile kimeza sio duka. Ni mdomo wa kiwanda. Ukimwambia dada nataka soketi 10 atakupa bei ya juu kidogo na sura ya kukuvumilia. Ukisema nataka rola nzima anakaa vizuri kwenye kiti. Ukisema nataka elfu 50 anapiga simu hapo hapo, na upande wa pili ni mtu wa kiwandani Bao'an, pembeni ya Shenzhen, au Dongguan, jiji la jirani, na kesho asubuhi mzigo uko hapo. Wakati mwingine kiwanda ni cha shemeji yake. Kwa hiyo unachonunua Huaqiangbei sio unafuu wa bei kama wengi wanavyodhani, bei ukihangaika mtandaoni unaweza kuipata hiyo hiyo au chini yake, unachonunua ni muda. Kitu ambacho kwingine unasubiri wiki tatu pale unakishika mchana wa leo, unakitest mbele ya muuzaji, kikigoma unarudisha kimeza kile kile kabla ya chai ya jioni.

Hii haikutokea kwa bahati na haikuanza jana. Shenzhen ilifanywa ukanda maalumu wa kiuchumi mwaka 1980, na ile hadithi kwamba kilikuwa kijiji cha wavuvi watu wachache mimi naona imeongezwa chumvi, ilikuwa wilaya nzima inaitwa Bao'an ina watu laki kadhaa, ila kweli haikuwa na kitu cha kuiringia. Serikali ikaita mitaji ya nje, na wa kwanza kuvuka walikuwa wa Hong Kong maana kule kodi za pango na mishahara ilishapanda. Hapa hapa Huaqiangbei palikuwa eneo la viwanda linaitwa Shangbu, wanaunganisha redio, kalkuleta, tv. Shida ya wakati ule ilikuwa vipuri, kila kitu kilikuwa kwa mgao wa serikali, kiwanda kinaweza kulala kisa kimekosa kapasita. Mwaka 1988 kampuni ya SEG ikafungua soko la vipuri ili viwanda vinunue bila kusubiri mgao, na mwaka huo huo Foxconn ya Taiwan, waunganishaji wa vifaa vya elektroniki, ikaingia Shenzhen. Baada ya hapo ni kama mbegu iliyopata mvua. Kiwanda cha plastiki kinakaa karibu na kiwanda cha bodi za saketi, cha bodi karibu na cha betri, wa betri karibu na wa maboksi ya kufungia, na wote hao mtu wao wa manunuzi anakuja kukutana na wenzake mtaa huu huu.

Angalia walioanzia jiji hili: Huawei 1987, BYD 1995 ikianza na betri kabla ya kuwaza magari, Tencent wenye WeChat 1998, DJI wa drone 2006. Sio sehemu za mbali na soko kama unavyofikiri, Tencent ofisi yao ya mwanzo ilikuwa humu humu Huaqiangbei. Kwa hiyo ukisikia uchumi wa Shenzhen ulishaupita wa Hong Kong kwa ukubwa tangu 2018, usidhani ni maghorofa tu ya kupigia picha. Ni kwamba mtu mwenye wazo hapa anapata kila kipande cha wazo lake ndani ya mwendo wa saa moja au mbili kwa gari. Zamani kule Shekou, humu humu Shenzhen, waliweka bango lao maarufu, muda ni pesa, ufanisi ni uhai. Ukisimama SEG dakika tano unaona bado wanaliamini.

Turudi kwenye review yenyewe. Vifaa vya ufundi ndo nilikoacha hela nyingi na sijuti. Hadubini ya kuangalia bodi, yenye sehemu ya kufunga kamera, niliipata kwa yuan 1,300 hivi baada ya kubishana sana, na jamaa aliifungua, akaifunga, akaweka bodi chini, akanionyesha inavyokuza, akanibadilishia taa kwa sababu ya kwanza ilikuwa inacheza kidogo na wala sikuwa nimeisema. Stesheni ya kuchomelea, hiti gan, pawa saplai ya kupimia shoti, stensili za kubolia IC (kuiwekea upya vitone vya risasi chini yake), gundi ya vioo, mashine ndogo ya kutoa hewa kwenye kioo, vyote unajaribu pale pale. Kuna mafundi wamekaa humo humo sokoni wanarekebisha bodi mbele ya watu na ukisimama kwa adabu bila kurekodi video hawakufukuzi. Mimi nimejifunza zaidi kwa kutazama mikono ya kaka mmoja anabadilisha IC ya chaji kuliko kozi za mtandaoni, na hatukuelewana hata neno moja.

Vioo. Hapa fundi kuwa makini maana neno "original" halina maana pale, kila mtu anaambiwa original. Cha kuuliza ni aina: ni incell (LCD ya bei nafuu), ni OLED ngumu ya glasi, ni OLED laini ya plastiki, au kimevuliwa kwenye simu nyingine. Ukiuliza hivyo tu muuzaji anajua huyu anajua kazi na bei inabadilika yenyewe. Wana kifaa cha kutestia kioo bila kukifunga kwenye simu, dai kitumike kwa kila kioo, sio kimoja cha juu ya boksi. Angalia weupe, angalia mguso kwenye kona zote nne, angalia kama rangi inabaki sawa ukikilaza. Garantii ipo ila inakaa kwenye ile stika ndogo, ukiibandua au ukikunja mkanda wa kioo imekwisha, na kiukweli ukisharudi Bongo garantii hiyo ni ya kusoma tu. Kwa hiyo test kila kitu, wakinuna wanune.

Oda ndogo za kiwandani ndo kitu kilichonishangaza. Jamaa yangu mmoja anatengeneza vidude vya kuchajia betri kwa sola, alikuja na mchoro wa bodi kwenye laptop. Kuna viwanda vya bodi Shenzhen vinakutolea sampuli ndani ya masaa 24, sio lazima uagize maelfu, hata vipande vitano wanatengeneza. Akaagiza, akazunguka SEG kununua vipuri vya kuweka juu yake, mwenye kava la plastiki akampeleka kwa mtu wa moldi, na siku zile zile akawa na kitu cha kushika mkononi. Cha kwanza kiligoma. Akarekebisha mchoro akatuma tena usiku, maana kule hakuna kuambiwa fundi kasafiri. Sijaona sehemu nyingine mtu wa kawaida bila kampuni kubwa nyuma yake anaweza kufanya hivyo, na mimi hii ndo naiona siri ya mkoa ule wote, sio vibarua wa bei rahisi. Vibarua wa bei rahisi walishaondoka, mishahara imepanda, pango limepanda, viwanda vingi vimehamia Dongguan na Huizhou na vingine nje ya nchi, hata Huawei wamehamishia watu wengi pale ziwa la Songshan, Dongguan. Kilichobaki mjini ni vichwa, sampuli na kasi, na wanaweka hela huko, jiji linatumia zaidi ya asilimia 5 ya pato lake kwenye utafiti.

Haya tuje kwenye simu nzima, ile 3 yangu. Kihistoria huu mtaa ndo ulikuwa baba wa simu za kopi. Kampuni ya Taiwan MediaTek ilitoa chipu ambayo karibu kila kitu kimo ndani, mtu hahitaji kampuni ya wahandisi, anahitaji chipu, kava na betri, basi kila mwenye chumba akawa mwenye kiwanda. Mnazikumbuka zile, laini tatu, spika kama ya harusi, tochi, antena ya tv ya kuvuta, jina limefanana na Nokia ila herufi moja imepinda. Zilikuja kwetu kwa wingi mpaka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilipozima zenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) feki na watu wakaamka asubuhi simu imekuwa kioo cha kujitazamia. Ila tuwe wakweli, wale wale waliofundishwa na soko lile kwamba mtu anataka laini mbili na betri ya kukaa ndo walioelewa Afrika. Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix, makao makuu yao yapo Shenzhen, na walijenga jina lao kwetu wakati Wachina wenyewe hata hawawajui. Ukiitaja Tecno pale mtaani muuzaji anakutazama tu.

Leo za kopi zimepungua, biashara imehamia kwenye used. Kuna majengo yamejaa iPhone zilizotoka Marekani na Ulaya, zinapangwa kwa madaraja, wanunuzi wamekaa kwenye ngazi na mifuko. Zilizofungiwa na akaunti ya mwenye nayo zinachinjwa kwa ajili ya spea na hapo ndo vioo vya kuvuliwa na kamera vinapotoka. Sasa tatizo ni kwamba mkono unaojua kutengeneza ndo huo huo unaojua kuficha. Afya ya betri inaandikwa upya isome 100, kava linabadilishwa, boksi jipya linafungwa na nailoni, risiti inachapwa. Mwenzangu alichukua moja kwenye kimeza ambacho sitakitaja, imependeza, imeng'aa, tulivyofika hotelini tukaifungua nikakuta kioo ni incell na skrubu mbili hazipo, tuliporudi kesho yake dada akasema hamjui, akaandika kwenye simu ya kutafsiri kwamba labda alinunua jengo lingine. Basi. Bei yenyewe ukipiga na nauli na ushuru haikupi faida ya kulala na presha. Simu nzima mpya nunua duka rasmi la kampuni yake, yapo mengi mjini, na ujue toleo la China la simu za Android mara nyingi halina huduma za Google na lugha zake ni chache, mpaka uhangaike nalo.

Vikorokoro, kava, kebo, spika, saa za mkononi, zipo milima kwa milima ila ubora unacheza vibaya. Kebo mbili za rangi moja kutoka meza mbili, moja ina shaba ya kutosha nyingine ukiikata ndani unakuta nyuzi za kuhesabu. Nenda na kipimo cha USB mfukoni, kinauzwa pale pale, pima ampea. Saa nyingi ni za kuchekesha, zinakwambia mapigo ya moyo hata ukiifunga kwenye chupa ya maji, nimejaribu.

Jingine la kujua, soko lenyewe sio lile la hadithi za zamani. Barabara ilifungwa 2013 kwa ajili ya kuchimba metro ikafunguliwa tena 2017, na katikati ya hapo wateja wengi walishazoea kuagiza kwa simu. Wengine hawakurudi. Kuna jengo la Mingtong lilikuwa la simu tupu, sasa hivi limejaa vipodozi, unaingia unatafuta betri unakutana na losheni. Ghorofa za juu za majengo mengine kuna vijana wanauza laivu kwenye simu, taa za duara kila kona, wanapiga kelele hawakuangalii. Usikatishwe tamaa na hilo, ghorofa za chini za vipuri bado zina moto, na watu wa vimeza hivi kama hawana kitu wanakijua kwa aliyenacho, watamtuma kijana na toroli akuletee.

Malipo. Kadi ya benki ukimtolea mtu kwenye kimeza anakushangaa, noti wanapokea kwa shingo upande, mambo yote ni WeChat na Alipay. Siku hizi mgeni unaunga kadi yako ya nyumbani kwenye Alipay na inafanya kazi, ila malipo yakizidi yuan 200 kwa mara moja wanakata asilimia 3, kwa hiyo kwa mzigo mkubwa tafuta mwenyeji au ajenti akulipie umrudishie, wengi wanafanya hivyo. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule, jipange kabla hujasafiri. Bei inabishaniwa kwenye kalkuleta, anaandika, unafuta, unaandika yako, anacheka au anakasirika, ukigeuka kuondoka anakuita "laoban", bosi, rudi. Usione raha ukaitwa bosi, wanamwita hivyo kila mtu. Na usiulize bei kama hununui, pale kuulizana bei kwa kupoteza muda wanaona ni utovu wa adabu, na mimi nawaelewa.

Kusafirisha, wengi wanapeleka mzigo kwa ajenti Guangzhou maana makontena ya kuchanganya yanafungiwa huko, vijana wa kukuletea boksi wapo nje ya kila jengo na wanafika siku hiyo hiyo au kesho yake. Betri zitenganishe, uliza ajenti kabla hujanunua, sio wote wanapokea betri kwa ndege na anayekwambia hakuna shida bila kuuliza ni betri gani mkimbie. Pawabenki zisizo na alama ya 3C (cheti cha usalama cha China) zinazuiwa kwenye ndege za ndani ya China tangu Juni 2025, na pale mtaani bado utaziona zinauzwa kwa bei ya kushawishi, kwa hiyo kama unaunga ndege ya ndani angalia alama kwanza.

Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, kabla ya hapo wanapanga na kufungua mizigo tu, na saa kumi na mbili jioni wengi wanafunga. Siku za kazi bora kuliko wikiendi. Wiki za kuzunguka mwaka mpya wa Kichina usiende kabisa, watu wa vimeza karibu wote sio wazaliwa wa Shenzhen, wanarudi mikoani kwao, viwanda vinalala, na ukichelewa oda yako kidogo tu kabla ya hapo ujue utaipata mwezi unaofuata.